Tuliuliza 217, Ikatujibu 271

Nyie mnaoingia kazini sasa, wa kompyuta na wa spana, nawaomba kitu kimoja kabla sijafika mbali: msimcheke mwoga. Mie nimefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha barafu na kugandisha samaki hapa Temeke. Niliingia nikiwa mpiga chapa, nikatoka nikiwa mtunza nyaraka za ufundi, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kupita mbele ya chumba cha mashine bila moyo kunidunda. Wenzangu walinitania. "Bi Zainabu, ukiogopa sana amonia inakusikia." Nilikuwa nacheka nao, halafu nazunguka upande wa pili wa jengo.

Amonia ndiyo gesi inayoleta ubaridi kwenye viwanda kama kile. Ndani ya mabomba, mahali pengine inapita ikiwa mvuke, mahali pengine ikiwa maji. Ikitoka nje inachoma macho na kukaba koo, na ikiwa nyingi inaua. Nje ya ukuta wetu kulikuwa na nyumba za watu, mama lishe, na shule ya chekechea ambayo watoto wake tuliwasikia wakiimba kila asubuhi. Kwa hiyo nilipoogopa sikuwa najiogopea peke yangu.

Aliyenifundisha kuogopa vizuri ni Injinia Lyimo, mkuu wa mitambo, Mchaga mpole aliyekuwa akiongea taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikiwa bado mgeni iliwahi kutoka harufu kidogo tu. Mie nikakimbia kuelekea upepo unakokwenda, yaani nikakimbia pamoja na gesi. Lyimo akanikuta getini natapika. Hakunigombeza. Akanionyesha kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mlingoti juu ya paa.

"Ukifika asubuhi, kabla hujasalimia mtu, tazama kile kitambaa kinaelekea wapi," akasema. "Siku ikitoka usiende kinakoelekea. Kata upepo, pita kwa ubavu. Loweka khanga yako, ziba pua. Amonia inapenda maji, itabaki humo. Na ukishatoka nje hesabu watu, usihesabu vitu."

Hadi leo, nikiamka kwangu Mbagala naangalia nguo kwenye kamba zinapeperukia wapi. Mjukuu wangu anadhani naangalia mvua.

Basi kazi yangu ilikuwa nyaraka. Kila mashine ina kitabu chake, kila valvu ina namba yake na utaratibu wake wa kuifunga na kuifungua, na kila zamu mafundi waliandika taarifa ya waliyoyaona. Mwanzoni yote yalikaa kwenye makabati. Baadaye yakaskaniwa na kuingizwa kwenye kompyuta, tukashangilia kwamba karatasi zimeisha. Kumbe tulikuwa tumehamisha fujo tu. Faili moja linaitwa "utaratibu mpya", jingine "utaratibu mpya kabisa", jingine "huu ndio wa mwisho", na pembeni yake "huu ndio wa mwisho sahihi". Aliyejua upi ni upi ni Lyimo. Fundi akikwama hakuwa anatafuta kwenye kompyuta, alikuwa anamtafuta Lyimo.

Halafu Lyimo akakaribia kustaafu, na hofu yangu ikapata wenzake. Hata meneja alianza kulala vibaya. "Kichwa cha huyu mzee kikiondoka, sie tunabaki na nini?" akatuuliza kikaoni.

Ndipo akaletwa Neema, binti wa kompyuta kutoka Kimara, kwa mkataba mfupi. Kazi yake ilikuwa kutuchagulia injini ya kutafutia nyaraka zetu za ndani, na iwe programu huria, yaani ile isiyodai leseni, ambayo mtaalamu anaweza kuifungua akaona inavyofanya kazi na akaibadilisha. Mie nikapewa kukaa naye kwa kuwa nyaraka nazijua.

Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alinipa shikamoo kabla hajatua mkoba, na swali lake la kwanza halikuwa la kompyuta. "Mama, watu wa huku wakitafuta kitu wanaandikaga nini?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Tukazunguka karakana kuwauliza mafundi wenyewe. Hapo ndipo tulipojua kwamba bomba likivuja, huyu anaandika "inavuja", yule "ilikuwa imevuja", mwingine "uvujaji", mwingine "inapumua", na mzee mmoja wa zamu ya asubuhi siku zote aliandika kwamba bomba "linatoa jasho". Neema akanieleza kwamba injini nyingi zimezoezwa Kiingereza, ambako neno hubadilika mkiani. Kiswahili chetu hubadilika kichwani. Ukiiacha injini ilivyo, mtu akitafuta "kuvuja" haimletei "inavuja", hata kama neno limejaa kurasa nzima. Shikeni hilo, nyie mnaotaka kufanya kazi hii. Kabla hujachagua injini, kawasikilize watakaoitumia wanavyosema.

Alijaribu injini tatu. Majina yake ya kitaalamu niacheni nayo, sie tulizipa yetu. Ya kwanza tuliiita Bosi. Inaweza kila kitu, lakini ilimeza nguvu yote ya seva yetu hadi mfumo wa mishahara ukasimama, na idara nzima ya uhasibu ikaja mlangoni kwetu. Bosi akaaga siku hiyohiyo. Ya pili tuliiita Mwepesi. Inakaa kwenye kompyuta ndogo, unaandika herufi tatu tu majibu yanaruka, na ukikosea kuandika inakuelewa. Unaandika "komplesa", yenyewe inakuletea kompresa, ile mashine inayosukuma gesi kwenye mabomba. Ya tatu ilikuwa Babu. Sura mbaya, kila kitu lazima uifundishe mwenyewe, na Neema aliisumbukia kutwa kabla haijajibu swali moja.

Meneja alipoonyeshwa Mwepesi uso wote ulimfunguka. Akaagiza iwekwe karakana kwa majaribio. Lyimo alikuwa likizo, amekwenda Moshi kumuuguza mama yake, na meneja alitaka kuona mafundi watajitegemea vipi bila yeye.

Mie nikasema naogopa.

"Unaogopa nini hasa, Bi Zainabu?"

Hata mwenyewe nilikuwa sijui. Nilikuwa naogopa tu kitu kinachojibu haraka kiasi kile. Watu wakacheka, si kwa ubaya, kikao kikaendelea.

Neema yeye hakucheka. Alinifungulia ukurasa kwenye kompyuta yangu, unaoonyesha fundi ameandika nini na amefungua waraka gani. "Tutazame kila siku, mama," akasema. "Tusiwapime wao. Tuipime yenyewe."

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Ilikuwa asubuhi, karibu na saa ya chai, harufu ikaja. Si kidogo kama ile ya zamani. Ilikuja ikanikaa kooni. King'ora kikalia, tukatazama kitambaa, tukapita kwa ubavu hadi uwanja wa kukusanyikia, na mie nikawa nahesabu watu. Fundi wa zamu alikuwa Shabani, kijana wa Buguruni mwenye watoto wawili, hodari wa kompresa kuliko wote. Laini za valvu alizoea kumwachia Lyimo. Tukamwona akichungulia kwenye kioo cha mlango wa chumba cha mashine aone panapovuja, akapita kwenye kompyuta ya karakana, akasoma, akavaa barakoa, akaingia chumba cha mashine.

Alipotoka alikuwa amelowa jasho lakini ametulia. "Ni valvu ya mbili-moja-saba," akamwambia meneja. "Nimeshaifunga. Mashine nimezizima. Itulie kwanza, nikimaliza chai nitabadilisha gasketi, ule mpira wake wa kuziba."

Na kweli harufu ikapungua, ikaisha. Watu wakarudi ndani. Mama mmoja wa usafi akaanza kunitania kwamba nilihesabu watu mara tatu na bado nikamsahau yeye. Ng'ambo ya ukuta chekechea walikuwa wanaimba. Neema alikuwa mjini kwenye shughuli nyingine, kwa hiyo nikakaa mezani peke yangu na kufungua ule ukurasa, nione Mwepesi imefanyaje siku ya kwanza ya kazi ngumu.

Mstari wa mwisho ulisema Shabani ameandika: valvu 217 inavuja. Ukasema amefungua: utaratibu wa valvu 271.

Nikavua miwani, nikaifuta kwa khanga, nikaivaa tena. Ilikuwa vilevile.

Mie si fundi. Sikujua kinachotokea ndani ya bomba. Lakini karatasi zote mbili nilizichapa mwenyewe, na nikakumbuka kwamba ya 217 ilikuwa na maneno ambayo Lyimo alitaka niyaandike kwa herufi kubwa ndani ya fremu, kwamba valvu iliyo nyuma yake isifungwe. Ya 271 haikuwa na fremu. Ya 271 ilisema funga mbele na nyuma. Kila mtu pale kiwandani alikuwa ametulia, na mie ndiye peke yangu niliyekuwa naogopa, na nilijua watasema ni yuleyule Bi Zainabu na hofu zake.

Nikaenda. Shabani alikuwa amekaa nje ya karakana na kikombe mkononi.

"Shabani, umesoma karatasi ya valvu gani?"

"Ya 217, Bi Zainabu."

"Njoo tuitazame wote."

Alikuja akitabasamu kidogo, kama mtu anayemridhisha mama yake. Kompyuta ilikuwa bado imefungua ukurasa uleule. Maneno "valvu" na "inavuja" yamepakwa njano yanang'aa, na juu kabisa, kwa herufi ndogo, namba. Nikaiwekea kidole. Shabani akaisoma kwa midomo bila sauti, halafu akakiweka kikombe chini taratibu sana.

Simu yangu ndiyo iliyokuwa karibu, nikapiga Moshi na kuweka spika. Lyimo alipokea upesi, huku nyuma kuku wakisikika.

"Shikamoo mzee," Shabani akasema.

"Marahaba. Sema."

"217 ilikuwa inavuja, mzee. Nimeifunga."

"Umefunga ya mbele tu, au na ya nyuma?"

Shabani akanitazama. "Zote mbili. Karatasi niliyoletewa ilisema zote mbili."

"Tangu lini?"

"Kabla ya chai."

"Bomba bado lina barafu?"

Shabani akaenda kuchungulia kwenye kioo cha mlango wa chumba cha mashine, mie nyuma yake na simu. "Lilikuwa na barafu, mzee. Sasa limelowa tu."

"Basi sikilizeni," Lyimo akasema, na hakuongeza kasi hata kidogo. "Kwenye 271 unapita mvuke, ukifunga mbele na nyuma hakuna neno. Kwenye 217 inapita amonia ya maji. Umeifungia katikati, inapata joto, inatanuka, na haina pa kwenda. Bomba litapasuka. Bi Zainabu, toa watu wote, na majirani, na wale watoto. Msipige kelele, wakikimbia wataangushana. Halafu wewe rudi hapo mlangoni na simu, nataka kusikia."

Nilimtuma mlinzi aende chekechea, na meneja nikamwambia maneno mawili tu, akaona uso wangu, hakuniuliza naogopa nini. Watu wakaanza kutoka tena. Kurudi mlangoni, nawaambieni ukweli, sikutaka. Nikarudi. Nikaloweka khanga kwenye ndoo ya zimamoto nikajifunga puani, nikasimama.

Shabani alikuwa anakaza mikanda ya barakoa. "Nikichelewa kutoka usinifuate, Bi Zainabu," akasema, akaingia.

"Unasikia nini?" Lyimo akaniuliza.

"Mlio mdogo. Kama sufuria inayoanza kupata moto."

"Haya. Mwambie afungue ya nyuma, robo mzunguko, asubiri. Asisimame mbele ya maungio."

Nikapaza sauti nikamwambia. Kupitia kile kioo nilimwona akisogea ubavuni mwa bomba, mkono umenyooka, mwili umeuweka mbali, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua. Gurudumu la valvu likagoma. Akalivuta tena. Ng'ambo ya ukuta nyimbo zilikuwa zimekatika, na kimya kile kilinitisha kuliko mlio wa bomba. Nilisoma kila aya niliyofundishwa madrasa, nikazichanganya.

Gurudumu likasogea. Ndani ya bomba pakapita mvumo, kama upepo ndani ya mtungi. Shabani akasubiri. Akaongeza robo nyingine. Na bomba lililokuwa limelowa likaanza kubadilika, ukungu mwembamba kwanza, kama limepulizwa unga, halafu weupe ukashika.

"Linakuwa jeupe," nikamwambia Lyimo.

"Lote?"

"Linaelekea kuwa lote."

Nikasikia pumzi ndefu kutoka Moshi. "Amonia imepata njia. Mwite atoke."

Hakuna aliyeumia. Macho ya Shabani yalikuwa mekundu, tukamwosha kwa maji mengi, akapelekwa zahanati akarudi. Baadaye walipofungua maungio, gasketi moja ilikuwa imeshasukumwa nje kama ulimi. Shabani aliitazama, akatoka nje, akakaa chini kwenye saruji muda mrefu, na hakuna aliyemsogelea.

Neema alifika mchana, nikamweleza. Akafungua Mwepesi na kupekua, nikaona rangi inamtoka. Utaratibu wa 217 ulikuwa umeskaniwa kama picha tupu. Injini haikuweza kusoma hata herufi moja, kwa hiyo kwake ilikuwa kama karatasi ile haipo duniani. Na kwa kuwa Mwepesi husamehe makosa ya kuandika, ilidhani Shabani amepindua tarakimu, ikampa 271 badala yake. Haikumwambia kwamba imebahatisha. Ilimjibu kwa haraka na kwa rangi nzuri kama inavyojibu siku zote.

"Mie ndiye niliyeiweka," Neema akasema. "Kesho sirudi, mama."

"Usiporudi, ataitengeneza nani? Hofu uliyonayo sasa hivi ndiyo niliyokuwa naitaka kwa mtu wa kompyuta. Rudi nayo."

Meneja alitaka maelezo ya Shabani kwa maandishi, halafu akataka injini zote ziondolewe, turudi kuuliza wakubwa. Lyimo aliporudi kutoka Moshi ndiye aliyemjibu, palepale kikaoni. "Wakubwa tunasahau, meneja. Tunauguza mama zetu, tunastaafu, tunakufa. Kutafuta watatafuta tu. Tuchague kitu kinachojua kusema hapana." Kuhusu Shabani alisema fundi alifuata karatasi aliyopewa na kampuni, na kama ni maelezo, basi na kampuni iandike yake. Suala likaishia hapo.

Tukamrudia Babu. Sura yake mbaya, lakini alikubali kufundishwa. Neema alimfundisha kwamba neno linaweza kusamehewa, namba haisamehewi kamwe. Alimfundisha kwamba inavuja, imevuja, uvujaji, kupumua na kutoa jasho ni jambo moja. Picha zote tulizipitisha kwenye programu ya kusoma maandishi, mie nikazikagua ukurasa kwa ukurasa, na zilizokataa kusomeka nikazichapa upya. Nyaraka zilizopitwa na wakati tukazitoa, na kila utaratibu ukabaki mmoja, na namba yake juu kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote.

Siku ya kuijaribu Lyimo alikaa mwenyewe kwenye kibodi, kidole kimoja. Hakuandika valvu yoyote tuliyokuwa nayo. Aliandika namba ambayo haijawahi kuwepo kiwandani. Babu akafikiri kidogo, akajibu: Hakuna waraka wenye namba hii.

Lyimo akaandika nyingine ya uongo. Hakuna. Akaegemea kiti. "Hii naweza kuiachia vijana," akasema.

Nanyi fanyeni hivyo. Wengi wakijaribu injini huiuliza kile wanachojua kipo, ikileta wanapiga makofi. Iulizeni kisichokuwepo. Mtaijua tabia yake.

Lyimo alistaafu. Shabani akawekwa kwenye laini za valvu, na kwa muda mrefu hakuigusa ile kompyuta. Alikuwa anamwomba mwenzake amtafutie, yeye anasimama mbali. Hakuna aliyemcheka. Siku moja kabla ya adhuhuri valvu moja ya chumba cha barafu ikaanza kunuka, na kwenye zamu alikuwa peke yake. Akaja mlangoni kwangu.

"Bi Zainabu, unaweza kusimama na mie?"

Tukaenda. Aliandika namba polepole, akafuta, akaandika tena. Waraka ukaja, mmoja tu. Akanisomea namba kwa sauti, nikamrudishia kwa sauti. Akanisomea kila hatua, nikairudia. Halafu akavaa barakoa na kuingia, na mie nikabaki nje na khanga yangu mbichi puani, naogopa kama siku zote, macho kwenye kitasa cha mlango.

Akatoka, akaivua barakoa, akaomba maji ya kunywa.